Nyumba na Kwao: Kubomolewa kwa Pangani ya Nairobi na Usawiri wa Mji katika Fasihi

Wahakiki wa fasihi ya mji katika Afrika Mashariki aghalabu huanza na mtu anayefika. Kijana ametoka kijijini, anashuka garini, anapotea mitaani, na mwishowe ama anaangamia ama anarudi kwao akiwa amefunzwa na ulimwengu. Makala haya yanaanza na mtu anayeondolewa. Yanahusu kijiji cha Pangani, kaskazini-mashariki ya kitovu cha Nairobi, ambacho kwa miaka isiyopungua thelathini kilikuwa makazi ya Waswahili na Waislamu wengine wa Kiafrika, na ambacho kufikia mwaka 1939 kilikuwa kimebomolewa kwa amri ya Manispaa. Hoja tunayokusudia kuijenga ni kwamba ubomoaji huo, na karibu kila ubomoaji uliofuata jijini, ulisimama juu ya dhana moja: kuwa kila Mwafrika wa mjini ana kwao kwingine. Kwa watu wa Pangani dhana hiyo haikuwa kweli. Uhakiki wetu, kwa upande wake, umeirithi dhana hiyo hiyo kana kwamba ni kanuni ya utanzu.

Mfano ulio karibu na wasomaji wengi ni hadithi fupi ya Said A. Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", iliyomo katika mkusanyiko wa mwaka 2016 wenye jina hilo hilo na uliosomwa katika shule za upili za Kenya. Mtaa wa Madongoporomoka unatakiwa ili jiji lipanuke. Mzee Mago anapinga kwa hoja ya haki. Jitu lenye tumbo lisilo na mwisho linaingia mkahawani, linakula kila kilichopikwa, na baada yake yanakuja matingatinga. Hadithi hii inapojadiliwa na walimu na wanafunzi wa upande wa Nyamarambe, huko Mugirango Kusini, huzuka swali ambalo miongozo ya mitihani haikulitazamia: kwa nini hawa watu wasirudi kwao? Si swali la mtu asiye na huruma. Katika nchi ya Wagusii, mashamba yamegawanywa mara nyingi hata mengine hayatoshi kulishia ng'ombe mmoja, lakini bado mtu ana omochie, yaani boma la baba yake, na huko ndiko atakakozikwa. Mgusii aliyepanga chumba Kawangware au Kibera hasemi kwamba anaishi huko. Husema anatafuta huko. Kwa msomaji wa namna hii, kibanda kilichobomolewa ni hasara na ni dhuluma, lakini si mwisho wa kwao. Ugumu unakuja pale msomaji huyu anapokutana na watu ambao kibanda, au tuseme nyumba, ndiyo kwao yenyewe.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Waliokuja nayo au kuitangulia hawakuwa Wazungu na Wahindi peke yao. Walikuwamo wapagazi wa misafara, askari, wapishi, wachuuzi na wanawake wa kila asili, wengi wao wakizungumza Kiswahili, wengi wakiwa Waislamu au wakisilimu baada ya kufika. Walijenga vijiji pembezoni mwa mji: Mombasa, Maskini, Kileleshwa, Pangani. Majina mawili katika hayo ni ya miji ya pwani, na hilo linastahili kuangaliwa na mtu wa fasihi kabla ya mtu wa takwimu. Aliyekiita kijiji chake Pangani, kando ya njia iendayo Thika, hakuwa akijitambulisha kwa kabila wala kwa rizavu. Alikuwa akidai kwamba mji unaweza kuzaa mji, na kwamba uungwana wa pwani unaweza kuota mizizi barani.

Serikali iliona jambo jingine. Tauni ilipozuka mwaka 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto, na tangu hapo lugha ya afya ikawa ndiyo lugha ya mipango ya mji. Profesa W. J. Simpson, aliyeletwa mwaka 1913 kuchunguza hali ya usafi katika miji ya himaya, alipendekeza watu watenganishwe kwa rangi zao. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza sheria ya kipande ilianza kutumika, na Manispaa ikapima viwanja mashariki ya mji kwa ajili ya lokesheni ya Waafrika, ambayo ndiyo Pumwani. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 vijiji vya Mombasa na Maskini vilivunjwa na watu wake wakapelekwa huko, Kileleshwa ilifuata. Pangani ilibaki, ikiwa imeandikiwa kifo tangu mapema lakini ikiishi kwa sababu hapakuwa na fedha za kuwajengea watu wake mahali pengine. Hatimaye mtaa mpya ulijengwa jirani na Pumwani, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikaondolewa.

Mtaa huo mpya ni Shauri Moyo. Wenyeji husimulia kwamba jina hili lilitokana na hiari waliyopewa watu wa Pangani: kuhamia au kutohamia, ni shauri la moyo wako. Iwe masimulizi hayo yana ukweli wa kihistoria au ni ya kubuniwa baadaye, kejeli yake haihitaji kufafanuliwa, kwani hiari ya mtu ambaye nyumba yake inabomolewa kwa vyovyote vile ni hiari ya namna ya pekee. Majina ya mitaa ya mashariki ya Nairobi ni utanzu mdogo wa fasihi simulizi ambao haujapata mhakiki wake. Katika vinywa vya wakazi wa Pumwani, sehemu ya kale ya mtaa wao ni Majengo, na mitaa ya jina hilo imo katika miji mingi ya Kenya na Tanzania. Jengo ni kitu kilichojengwa, na aliyekijenga ana la kusema juu yake.

Hapo ndipo lilipo jambo kuu lililopotea Pangani. Nyumba za kijiji hicho zilijengwa na wenyewe, kwa mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, kuta za fito na udongo, paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa mahali ambapo pwani wangeezeka makuti. Mwenyewe alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Ardhi haikuwa yake kisheria, lakini nyumba ilikuwa yake: aliweza kuiuza, kuitoa wakfu, kuirithisha. Shauri Moyo ilijengwa na Manispaa na ilikuwa mali ya Manispaa. Hata kama chumba kipya kilikuwa na sakafu ya saruji na maji safi karibu, na hatuna haja ya kukana kwamba hayo ni mambo mema, aliyehamia huko alikuwa amebadilishwa kutoka mwenye nyumba kuwa mpangaji. Mipango ya mji ilimtambua Mwafrika kama kibarua mwenye kitanda, na ndiyo maana makazi mengi ya Manispaa ya wakati huo yalikuwa mabweni ya wanaume waliodhaniwa kuwa wake zao wako mashambani.

Na miongoni mwa wenye nyumba hao, sehemu kubwa walikuwa wanawake. Janet Bujra, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu wanawake wajasiriamali wa Nairobi ya awali, ameonyesha jinsi wanawake wa Pumwani walivyojipatia nyumba kwa fedha za kupika pombe na za umalaya. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kilichotokana na mahojiano marefu na wanawake na wanaume wazee wa Nairobi, amelifikisha jambo hili mbali zaidi. Anatofautisha aina za kazi hiyo kwa maneno ya wenyewe: malaya aliyemngoja mgeni chumbani mwake na kumpa chakula, maji ya kuoga na heshima, watembezi waliozunguka njiani, wazi-wazi waliokaa nje ya milango. Malaya wa Pangani, kwa mujibu wa uchunguzi huo, hakuwa mwanamke aliyeporomoka. Alikuwa mtu anayejenga. Wengi walikatana na ukoo wa baba, wakasilimu, wakajipa ndugu wapya, na nyumba zao wakawaachia wanawake waliowachagua wenyewe. Pangani ilikuwa mahali ambapo mwanamke wa Kiafrika aliweza kuwa chanzo cha ukoo.

Sasa mlinganishe mwanamke huyu na malaya wa riwaya zetu. Katika fasihi ya Kiswahili na ya Kiingereza ya Kenya, kahaba wa mjini ni mhusika bapa kuliko wote: ni chambo, ni onyo, ni maradhi. Hana nyumba. Ana chumba cha kukodi, kioo, na siku ya mwisho. Akipewa historia, ni historia ya kijiji alikotoka na usafi alioupoteza. Ni nadra kumkuta akihesabu kodi ya wapangaji wake au akimtafuta shahidi wa wosia wake. Mtu anaweza kusema kwamba mwandishi hana wajibu wa kunakili historia, na hilo ni kweli. Lakini pale ambapo kizazi baada ya kizazi cha waandishi kinachora picha ile ile, na picha hiyo inalingana na ile ya afisa wa afya wa Manispaa, mhakiki ana haki ya kuuliza ilikotoka. Jibu letu ni kwamba kijiji ambacho kingewapa waandishi picha nyingine kilikuwa kimeshabomolewa. Waandishi waliokuja baada ya Uhuru waliukuta mji ambao ndani yake Mwafrika alikuwa mpangaji, wakadhani kwamba hiyo ndiyo asili ya mji.

Tukumbuke pia ni akina nani waliokuwa hawana rizavu. Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934, husomwa kama kumbukumbu ya biashara ya utumwa na ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Kinaweza kusomwa vilevile kama maandishi ya mapema ya Kiswahili juu ya watu ambao kwao kumefutwa. Watoto wa Freretown walikwenda Nairobi wakiwa makarani na walimu, na mtaa mmoja wa mashariki ya jiji unaitwa Mbotela kwa kumbukumbu ya Tom Mbotela, mwanasiasa wa ukoo huo aliyeuawa mwaka 1952. Wanubi nao, wazao wa askari wa Kisudani wa Uingereza, walipewa kukaa Kibera, na mwaka 1918 eneo hilo la ekari zaidi ya 4,000 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Carter, ambayo ripoti yake ilichapishwa mwaka 1934, iliwaona kuwa wapangaji wakaao kwa ridhaa ya Serikali ya Mfalme. Tume hiyo ilikuwa na kazi ya kugawa nchi kwa makabila, na aliyekosa kabila la kupewa ardhi alibaki mgeni popote aliposimama. Jamii za Wanubi zilitawanyika katika miji mingi ya Kenya, Kisii ikiwa mmojawapo. Mgusii wa Nyamarambe apitaye mjini Kisii anapita karibu na watu ambao swali lake kuhusu Madongoporomoka halina maana kwao.

Ili kuonyesha kwamba dhana ya "kwao kwingine" si maradhi ya ukoloni wa Afrika peke yake, tuangalie Los Angeles. Katika bonde la Chavez Ravine palikuwa na vijiji vitatu vya Wamarekani wenye asili ya Mexico: Palo Verde, La Loma na Bishop. Sheria ya nyumba ya Marekani ya mwaka 1949 ilileta fedha za kujenga upya mitaa iliyoitwa chakavu, na mwaka 1950 wakazi walipelekewa barua za kuwataka wauze, pamoja na ahadi kwamba wangekuwa wa kwanza kuchagua makazi katika nyumba mpya za umma. Wengi waliondoka. Kisha siasa zikabadilika. Nyumba za umma zikaitwa ukomunisti, mpango ukafutwa mwaka 1953, na bonde likaishia mikononi mwa timu ya besiboli. Familia za mwisho zilitolewa kwa nguvu Mei 1959, mbele ya kamera za televisheni, na uwanja wa Dodgers ukafunguliwa mwaka 1962. Kinachotuhusu hapa ni kilichotangulia. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo wa uchumi, watu wengi sana wenye asili ya Mexico walirudishwa Mexico, na miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa Marekani na kuwa raia wake. Yaani kabla ya nyumba zao kubomolewa, ilikwisha kuzoeleka kuwafikiria kama watu wenye kwao kwingine. Tofauti na Pangani ni hii: Chavez Ravine imepata fasihi. Mwaka 2003 kundi la Culture Clash liliigiza tamthilia yenye jina la bonde hilo, na mwaka 2005 Ry Cooder akatoa albamu juu yake. Pangani ya wanawake wenye nyumba bado haijapata riwaya yake ya Kiswahili.

Riwaya iliyoukaribia zaidi ubomoaji wa Nairobi iliandikwa kwa Kiingereza. Katika Going Down River Road ya Meja Mwangi (1976), Ocholla anaishi katika kibanda kando ya mto, na watu wa Baraza la Jiji wanakichoma. Anajenga tena. Mzunguko huu Mwangi anausawiri kwa ucheshi mchungu ambao wachache wameufikia. Lakini angalia muundo wa maisha ya Ocholla: ana wake mashambani, na riwaya inapokaribia mwisho wanamjia mjini pamoja na watoto. Kwao Ocholla kupo. Kinamfuata hadi kibandani. Mwangi ameandika kwa usahihi juu ya mhamiaji wa miaka ya 1970, na hatumlaumu kwa kutoandika juu ya mwingine. Tatizo ni pale mhakiki anapomfanya Ocholla kuwa kielelezo cha kila aliyebomolewa.

Lugha yenyewe inatuwekea mtego. Kiswahili kinatofautisha nyumba na nyumbani, na katika matumizi ya Kenya "nyumbani" kumekuja kumaanisha mashambani, "kwetu" vivyo hivyo. Tofauti hii iliwahi kufika mahakamani. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui alitaka kumzika karibu na Nairobi, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Katika shauri hilo ilishindaniwa kwa kirefu kama Mjaluo anaweza kuwa na kwao Nairobi au ana nyumba tu. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 1987. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliandika kitabu kizima juu ya kesi hii mwaka 1992, na mjadala wake umeelekea zaidi kwenye jinsia na kabila. Kwa mtazamo wa Pangani, hata hivyo, tunaweza kuona kwamba pande zote zilikuwa zikibishana juu ya mtu mwenye mahali pawili. Hakuna aliyesimama kizimbani kuwasemea wenye mahali pamoja.

Visa vya baadaye vinajulikana na havihitaji maelezo marefu. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, vilivunjwa na askari wa jiji, na wakazi wakapambana nao. Julai 2018 barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipitishwa Kibera, na watu wanaokadiriwa kufikia 30,000 wakapoteza makazi; shule nazo ziliangushwa. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba za kando ya mito katika Mathare na Mukuru zilibomolewa kwa sababu za usalama. Kwa kila kisa sababu hutofautiana: mara afya, mara barabara, mara mto. Lakini swali la wanaotazama kwa mbali huwa lile lile la Nyamarambe, na hapana budi tukiri kwamba mara nyingi lina nusu ya ukweli, kwa kuwa wengi wa waliovunjiwa kweli wana mashamba, hata kama ni kipande cha kuzikiwa tu. Nusu nyingine ndiyo isiyoonekana. Wanubi wa Kibera walipata hatimiliki ya pamoja ya ekari 288 mwaka 2017, karibu karne moja baada ya tangazo la zile ekari zaidi ya 4,000. Na katika mtaa wa Manispaa uliobeba jina la Pangani, nyumba za zamani zilipoangushwa ili maghorofa yajengwe chini ya mpango wa kufufua jiji, wapangaji wake waliahidiwa kwamba wangefikiriwa kwanza. Msomaji wa kisa cha Chavez Ravine atalisikia neno hilo kwa sikio jingine.

Liko jambo moja ambalo Mgusii na mtu wa Pangani wangekubaliana bila ubishi: kwao mtu ni pale walipo wafu wake. Kwa kipimo hicho, ambacho ndicho kilichotumiwa katika kesi ya Otieno, tunaweza kuzisoma upya kumbukumbu za Nairobi. Jirani na Pumwani na Shauri Moyo iko Kariokor, mtaa uliopata jina lake, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Hapo yapo makaburi ya Waislamu. Watu wa vijiji vilivyovunjwa hawakusafirisha maiti zao kwenda rizavu yoyote. Waliwaosha nyumbani, wakawasalia, wakawabeba kwa miguu, wakawazika mjini.